Mpingo na Ua la Usambara: Upi Umo Hatarini?

Chanzo cha Mkanganyiko

Tangu tarehe 2 Januari 2017, siku ambayo ukoo mzima wa miti inayoitwa na wataalamu Dalbergia ulianza kuhesabiwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, maneno mawili yanayopingana yamekuwa yakienea juu ya mpingo, mmoja wa miti ya ukoo huo, ambao ndio mti wa taifa la Tanzania. Wako wasemao kwamba mpingo unakwisha na kwamba kuukata kumekuwa haramu ulimwenguni kote; na wako wasemao kwamba mti huo umejaa tele katika nyika za Lindi na Ruvuma, wala hakuna hatari yoyote isipokuwa hofu ya watu wa mbali. Wakati huohuo kuna mmea mwingine wa nchi hii hii, ua dogo la zambarau liotalo juu ya majabali yenye kivuli katika milima ya Usambara, ambalo juu yake hakuna ubishi wowote, kwa kuwa mtu aliyeliona katika maduka ya Ulaya na Marekani, likiwa limepangwa vyunguni safu kwa safu, hawezi kudhani kwamba kitu kingi namna ile kinaweza kupotea duniani.

Mimea hii miwili haina nasaba ya karibu. Mmoja ni mti wa jamii ya mikunde. Wa pili ni mmea laini usiofika shibiri moja kwenda juu. Imewekwa pamoja katika uchambuzi huu kwa sababu hukumu za watu juu yake zimepotoka kwa njia moja: zote mbili zimetegemea wingi unaoonekana kwa macho, bila kuuliza ni kitu gani hasa kinachopungua, mahali gani, na kwa taathira ya nini. Aulizaye hivyo huona kwamba mti unaoliliwa sana hauko karibu na kutoweka, ilhali ua lisilosikitikiwa na mtu limekwisha kupoteza sehemu ya makao yake ya asili, na kwamba dawa ya mmoja, ikitumiwa kwa mwingine, haitaponya.

Mpingo na Tabia Zake

Mpingo, ambao jina lake la kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon, huota tangu Senegal upande wa magharibi hata Eritrea upande wa mashariki, kisha hushuka mpaka Afrika Kusini, ukipita katika nchi zisizopungua 26. Ni mti wa nyika kavu, wenye miiba, aghalabu uliopinda na wenye mashina kadhaa, na asiyeujua aweza kuupita mara nyingi asidhani kwamba ameacha mali nyuma yake. Ukikatwa huonyesha gome jembamba, kisha tabaka nyembamba ya mti mweupe unaoelekea manjano, na ndani ya tabaka hiyo kiini cheusi chenye rangi ya zambarau iliyofifia, chenye mafuta, kizito hata kuzama majini, maana mita moja ya ujazo hukaribia au hupita kilo 1,200. Kiini hicho hukubali kukerezwa na kutobolewa vitundu vyembamba bila kupasuka, wala hakibadiliki umbo kwa pumzi na unyevu wa mpigaji. Kwa ajili hiyo kimekuwa ndio malighafi ya klarineti, obo, na zumari za mifuko za Waskoti, na kwa uzito na weusi wake kimekuwa kipenzi cha mafundi wa Kimakonde, ambao kwa tezo, patasi na tupa hutoa sanamu hata katika gogo lililojipinda.

Tabia tatu za mti huu zinabeba hoja yote. Ya kwanza ni upole wake wa kukua, kwa kuwa hukadiriwa kwamba huhitaji miaka 70 mpaka 100 kufikia unene wa kukatwa kwa biashara. Ya pili ni uchache wa faida itokayo ndani ya gogo: kwa mapindo, nyufa, uozo wa moyo na mafundo, sehemu isiyofika moja ya kumi ya gogo ndiyo huwa vipande vinavyofaa kwa ala za muziki, na iliyobaki huishia lundoni nyuma ya kiwanda. Ya tatu ni habari ya moto. Mche wa mpingo ukichomwa na moto wa nyika hufa juu ukabaki hai mzizini, ukachipuka tena mvua zinaponyesha, ukachomwa tena kiangazi kifuatacho, na maisha hayo ya kufa na kufufuka huweza kuendelea miaka mingi, mpaka utokee mwaka mmoja au miwili isiyo na moto mkali ambayo itaupa nafasi ya kuinuka juu ya ndimi za moto.

Hivyo mpingo waweza kuwako kwa maelfu ya miche na vichaka, na papo hapo ukawa haupo kwa mtu anayetafuta gogo nene lililonyooka. Kenya ni burhani ya jambo hili. Wachongaji wa Kikamba, ambao sanaa yao ya biashara ilianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walitumia mpingo mpaka ukawa adimu, wakahamia muhugu, na muhugu nao ulipopungua wakahimizwa kutumia mwarobaini na mwembe. Mpingo haukufutika Kenya. Uliofutika ni mpingo wenye kufaa. Leo akiba kubwa ya biashara imebaki kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Ua la Usambara

Ua la Usambara liliingia katika vitabu vya elimu ya mimea kwa mlango wa ukoloni. Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipeleka kielelezo chake mwaka 1884, na mwaka 1887 likachumwa katika nchi ya Wagiriama na milima ya Shimba na kasisi W. E. Taylor, yule yule aliyejulikana kwa kukusanya methali na mashairi ya Waswahili wa Mombasa. Vielelezo hivyo vilikaa vimekaushwa bila kuzaa neno. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea babake mimea hai au mbegu zake, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 1946 wapenzi wake wa Marekani walikuwa wamekwisha kuunda chama chao. Biashara kubwa ya maua ya vyunguni iliyofuata ilianza na kiasi kidogo sana cha mimea iliyotoka pembeni mwa mji mmoja wa pwani.

Kule kwao, maisha ya ua hili ni ya kutegemea vitu vingi kwa wakati mmoja. Huota juu ya jabali lenye kuvu na udongo haba, penye kivuli cha miti mirefu, aghalabu karibu na kijito. Mbegu zake ni ndogo mno, zikitafuta ufa wenye unyevu. Ua halina asali ya kumpa mdudu. Chavua yake imefungwa ndani ya vifuko viwili vya manjano, na nyuki wa aina maalumu hulishika ua akatetemesha misuli ya mbawa zake kwa nguvu mpaka chavua ikamwagika. Ukiondoa miti ya juu, jua hulipiga jabali, kuvu hukauka, na ua hufa hata kama hakuna mkono wa mtu uliougusa.

Makao yake yametawanyika kama hivi: milima ya kale inayoanzia Taita, Kenya, na kuendelea Tanzania kupitia Usambara, na baadhi ya majabali ya chokaa ya pwani, karibu na Tanga na katika bara ya Kilifi, mahali kama Chasimba na Mwarakaya. Namna moja, iitwayo teitensis, imejulikana katika mlima wa Mbololo tu huko Taita.

Jinsi Hatari Inavyopimwa

Daraja za hatari zitangazwazo katika Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, hazipimwi kwa kipimo kimoja. Kiumbe huweza kuingizwa hatarini kwa sababu kimepungua kwa kasi katika muda wa vizazi vitatu. Au kwa sababu eneo lake ni dogo na lingali likisinyaa. Au kwa sababu waliobaki ni wachache mno kwa hesabu. Mpingo hupimwa zaidi kwa kipimo cha kwanza, na kwa kuwa umeenea nusu ya bara, hukumu yake tangu mwaka 1998 imekuwa kwamba uko karibu na hatari, wala haujaingia ndani yake. Ua la Usambara hupimwa kwa kipimo cha pili, na hapo yatosha msitu mmoja wa bonde moja kufyekwa ili hukumu ibadilike.

Lakini kuna jambo linalofichika nyuma ya kipimo cha pili, nalo ni kwamba hukumu hutegemea jinsi wataalamu walivyogawa aina. Katika karne iliyopita B. L. Burtt wa Edinburgh na wenzake walihesabu aina zipatazo 20, na kwa hesabu hiyo nyingi zilikuwa na makao madogo sana, na kwa sababu hiyo zikaonekana ziko katika hatari kubwa. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alizikusanya zikawa 6, nyingi zikishushwa kuwa vijiaina vya ionantha. Na mwaka 2015 uchunguzi wa chembe za urithi ukaufuta ukoo wenyewe wa Saintpaulia, ukaingizwa ndani ya Streptocarpus. Hakuna hata jabali moja lililoongezeka kwa mabadiliko hayo. Aina iliyopanuliwa kwa kalamu huonekana salama zaidi katika orodha, ilhali mimea ya kila kilima imebaki kwa uchache uleule, na yule anayesoma daraja bila kusoma maelezo yake huondoka na utulivu asioustahili.

Hoja Tatu Juu ya Mpingo

Hoja ya kwanza ni ya wanaotaka mkono wa sheria ya mataifa. Kenya na Ujerumani zilipendekeza mpingo udhibitiwe na CITES tangu mwaka 1994, pendekezo likaondolewa. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, ukoo wote wa Dalbergia uliingizwa, hasa kwa ajili ya miti mingine ya ukoo huo iliyokuwa ikiporwa kwa samani za anasa, na mpingo ukaingia pamoja na ndugu zake. Ni lazima ifahamike wazi kwamba Kiambatisho cha Pili si marufuku: kinadai kibali, na kinaidai nchi inayouza ithibitishe kwamba ukataji hauudhuru mti. Nguvu ya hoja hii ni kwamba huweka kumbukumbu ya kila kinachopita bandarini na kumfunga mikono mlanguzi. Udhaifu wake ni kwamba macho yake yako bandarini, si msituni. Moto wa nyika hauombi kibali. Wala mashamba mapya ya ufuta, wala tanuri za mkaa, wala soko la ndani. Kwa miaka karibu mitatu wapiga muziki na mafundi wa ala walisumbuliwa na karatasi, mpaka ala zilizokwisha kutengenezwa ziliposamehewa katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2019, na usumbufu huo wote haukupunguza hata moto mmoja wa nyika.

Hoja ya pili ni ya wanaosema kwamba mti utalindwa na yule anayefaidika nao. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 na TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya viumbe vya porini, ulionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya ushuru ambayo serikali ingestahili yalipotea. Katika biashara ya namna ile mwanakijiji alikuwa kibarua wa kubeba, naye hakuwa na sababu ya kumzuia mkataji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia nyingine, kwa kukiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kupanga kiasi cha kukata, na kubaki na mrabaha wote. Wilayani Kilwa, kwa msaada wa shirika la MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na ikawa mara ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji kupata cheti hicho. Mapato yamejenga vitu vinavyoonekana, na doria zimekuwa za wenyewe.

Walakini hoja hii nayo ina mipaka yake, na wanaoishabikia wasiifumbie macho. Wanunuzi wa mpingo wa ala ni wachache, nao huchagua gogo kwa jicho kali, na mwaka ambao hawakuagiza, kijiji hakina soko jingine la kulingana nalo. Gharama za cheti na ukaguzi ni kubwa kwa kijiji peke yake, hata imelazimu wafadhili kuzibeba. Tena msitu unaolindwa na kijiji kimoja hupakana na msitu usio na mwenyewe, na mkataji aliyefukuzwa huku huhamia kule.

Hoja ya tatu ni ya kupanda. Huko Moshi, Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea aliyefariki mwaka 2014, pamoja na James Harris wa Marekani, walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuotesha na kupanda miche ya mpingo, na watoto wa shule nyingi walijifunza kwa njia hiyo kuujua mti wa taifa lao. Kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo mche uliopandwa leo utakatwa na mjukuu wa aliyeupanda, na muda huo wote mzizi ulio tayari msituni, wenye umri wa miaka kumi au ishirini chini ya ardhi, unangoja tu kuepushwa na moto. Shilingi itumikayo kuzuia moto hapo inazaa zaidi kuliko shilingi inunuayo mfuko wa plastiki na udongo wa kitalu.

Je, Maua ya Vyunguni ni Akiba?

Juu ya ua la Usambara hoja kuu ni kwamba limekwisha kuokoka, kwa kuwa linazalishwa kwa vipande vya majani katika nyumba za vioo za dunia nzima. Hoja hii ina ukweli ndani yake: ni vigumu kuwaza siku ambayo ionantha ya madukani itakosekana, na bustani za mimea zimehifadhi pia baadhi ya namna za porini. Lakini maua ya madukani yametoka katika mbegu chache za asili, yakachanganywa na kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ukubwa wa ua na rangi zake, na kuyaita akiba ya jamii yote ni kufanya familia moja iwe badala ya kabila. Ustahimilivu wa baridi ya mlimani, uvumilivu wa kiangazi wa mimea ya chokaa, na uhusiano na nyuki wake, havimo katika chungu.

Hoja ya pili ni kuhifadhi mahali penyewe. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 katika Usambara ya Mashariki, inalinda sehemu kubwa ya msitu ambamo ua hili huota, baada ya miaka ya ukataji wa mbao kwa mashine uliosimamishwa katika miaka ya 1980. Gharama yake ililipwa na wakulima. Iliki, iliyokuwa uchumi wa vijiji vya milimani, hulimwa chini ya kivuli kwa kufyeka mimea yote ya chini na kupunguza ya juu, na ilipoamuliwa kuunganisha misitu kwa ushoroba wa Derema, wakulima walitakiwa waache mashamba yao kwa fidia, ambayo ilichelewa na kuleta manung'uniko ya haki. Wapendao ua hili hawana budi kukiri kwamba kila jabali lenye kivuli lilikuwa pia riziki ya mtu fulani. Zaidi ya hayo, majabali ya chokaa ya pwani yako mbali na hifadhi hizo za milimani, na chokaa hiyohiyo ndiyo malighafi ya saruji.

Hoja ya tatu ni ya haki: kwamba faida ya biashara ya dunia irudi kwa wenye mlima. Mkataba wa Anuwai ya Viumbe wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, umekubali kanuni hiyo. Tatizo ni wakati, kwa kuwa ua lilitoka Tanga karne nzima kabla ya mkataba, na sheria haidai deni la nyuma. Hata hivyo hakuna sheria inayowakataza wazalishaji wa maua kulipa kwa hiari gharama za walinzi wa majabali machache, na kwa faida waliyoipata, hilo ni jambo dogo kuliko adabu inavyotaka.

Kuzipima Hoja

Tofauti kubwa ya mimea hii ni mahali biashara inaposimama. Kwa mpingo, biashara imo ndani ya msitu: ndiyo inayoweza kuumaliza mti mnene, na ndiyo pia inayoweza kumpa mwanakijiji sababu ya kuulinda. Kuikata kabisa kungemwachia msitu yule atakaye shamba la ufuta, ambaye haulizi bei ya gogo. Kwa hiyo njia ya Kilwa, pamoja na udhaifu wake wote, ina uzito kuliko marufuku, ilimradi CITES ibaki mlango wa kuhesabu kinachotoka, na fedha kubwa zaidi ziende katika kuchoma nyika mapema, nyasi zikiwa bado mbichi nusu, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukose chakula. Wachongaji wa Kimakonde nao wapewe nafasi katika mipango ya vijiji, kwa kuwa wanaweza kulifanyia kazi gogo lililopinda ambalo mnunuzi wa klarineti amelikataa, na kila gogo lililokwisha kukatwa likatumika lote ni gogo jingine lililosalimika.

Kwa ua la Usambara, biashara imeondoka msituni zaidi ya miaka 100 iliyopita. Haiui mmea wa porini wala haiulishi. Kudai lidhibitiwe bandarini kungekuwa kazi bure, na kutegemea soko liokoe majabali ni kutegemea asiyekuwapo. Hapa hakuna badala ya ulinzi wa mahali kwa mahali unaogharimiwa na fedha za umma na za wapendao maua, ukianza na vilima vile vilivyo nje ya hifadhi. Milimani kosa huweza kurekebishwa, kwa kuwa kivuli cha miti hurudi baada ya miaka, mbegu zikiwa bado karibu. Pwani haliwezi, kwa kuwa jabali la chokaa lililosagwa halirudi. Kibali chochote cha kuchimba chokaa katika vilima vya Tanga na Kilifi kinapaswa kutanguliwa na ukaguzi wa mtaalamu wa mimea, ufanywao wakati wa mvua, maana kiangazi mimea hiyo huweza kunyauka ikashikamana na mwamba hata jicho la haraka likaipita.